Mizani ya Gerejini: Jinsi ya Kupima Maneno na Makadirio ya Fundi Gari

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Nkende, Tarime)



Gari la chama cha msingi linapokufa njiani wakati wa msimu, halifi peke yake. Kahawa iliyokwisha pimwa hubaki ghalani, mkulima aliyeahidiwa malipo yake huambiwa asubiri, na karo ya mtoto wake nayo husubiri. Kwa hiyo katibu anayesimama gerejini mjini Tarime, huku boneti imefunguliwa na fundi anafuta mikono kwa kitambaa, hasimami pale kama mwenye gari lake binafsi. Fundi anapomwambia kwamba injini imekwisha na zinatakiwa shilingi karibu milioni mbili, anayeambiwa hasa ni mkutano mkuu wa chama. Naye katibu akijibu "haya, fanya", amekwisha kutia sahihi kwa niaba ya watu ambao hawakuwapo, na ambao siku moja watamwuliza.

Swali linalomkabili katibu huyo ni moja: je, fundi huyu anasema kweli? Wengi hulijibu swali hili kwa kumtazama fundi usoni. Yuko anayemwamini kwa kuwa ni mtu wa ukoo wake, na yuko anayemwamini kwa kuwa gereji yake ina bati jipya na ukuta uliopakwa rangi. Yuko pia asiyemwamini fundi yeyote duniani, ambaye huamua kila mara kupunguza makadirio kwa nusu bila kuyasoma. Wote watatu wamekosea njia. Uaminifu wa fundi hausomwi usoni. Husomwa katika maneno yake, endapo maneno hayo yamewekwa katika hali ya kuweza kupimwa.

Wakulima wa Kanda ya Ziwa hawapaswi kulishangaa jambo hili, maana ndilo lililozaa ushirika wao. Katika miaka ya 1950 moja ya manung'uniko makubwa ya wakulima wa pamba yalikuwa mizani ya wanunuzi binafsi. Mkulima alileta mzigo, mnunuzi akapima, mnunuzi akatamka uzito, na mkulima akapokea fedha bila njia ya kuhakikisha. Wakulima hao, wakiongozwa na Paul Bomani na wenzake, hawakuzunguka kutafuta mnunuzi mwenye uso wa huruma. Walitaka mzigo upimwe mbele ya macho yao na kwa mizani wanayoiamini, wakajenga vyama vyao hadi kuundwa kwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955. Gerejini mambo ni yale yale ya zamani: anayepima ugonjwa wa gari ndiye anayeuza dawa yake, na ndiye anayetamka bei. Kinachokosekana ni mizani.

Mambo manne ya kupimwa

Mizani ya gerejini ina mawe manne, nayo ni dalili, chanzo, ushahidi na bei. Fundi mwaminifu huweza kuyaeleza yote manne, moja baada ya jingine, kwa lugha ambayo mtu asiye fundi ataielewa. Fundi anayeruka kutoka dalili moja kwa moja hadi bei, bila kupita chanzo wala ushahidi, huenda si mwizi, lakini bado hajafanya kazi ya kulipwa.

Dalili ni kile ambacho dereva amekiona, amekisikia au amekinusa: gari linachemsha, haliwaki asubuhi, linatoa moshi mweusi likipanda mlima, linavuta upande mmoja likifungwa breki. Dalili ni mali ya dereva, naye hana budi kuieleza kwa ukamilifu: ilianza lini, hutokea gari likiwa baridi au la moto, likiwa tupu au na mzigo. Katibu anayefika gerejini akisema "gasketi imeungua, badilisha" amemnyima fundi nafasi ya kutafuta, na kesho hatakuwa na haki ya kumlaumu kwa kubadilisha kitu kisichokuwa kibovu. Mgonjwa humweleza daktari mahali panapouma, hamwandikii dawa.

Chanzo ni kile kinacholeta dalili, nacho mara nyingi si kimoja. Gari linaloshindwa kuwaka laweza kuwa na betri iliyochoka, au vichwa vya betri vilivyolegea na kuota ukungu, au starta mbovu, au alternata isiyochaji. Gari la dizeli linalotoa moshi mweusi na kukosa nguvu laweza kuwa na nozeli mbovu, lakini laweza pia kuwa na kichujio cha hewa kilichojaa vumbi la barabara za vijijini, ambacho hugharimu fedha kidogo mno kuliko nozeli. Fundi mwenye busara huanza na lililo rahisi na la karibu kabla ya kuligusa lililo ghali na la mbali. Kwa hiyo swali la kwanza la katibu si "bei gani?" bali ni hili: "Ni mambo gani mengine yangeweza kuleta dalili hii, nawe umeyaondoa kwa kipimo gani?"

Ushahidi ndio jiwe zito kuliko yote. Kwa kila chanzo kinachotajwa kipo kipimo chake, na vipimo vingi haviitaji elimu kubwa kuvishuhudia. Betri ya volti 12 iliyochajiwa vizuri na kupumzika husoma kiasi cha volti 12.6 kwenye mita. Injini ikiwaka, kipimo hupanda hadi baina ya volti 13.8 na 14.5 ikiwa alternata inafanya kazi. Mita ikibaki kwenye 12 na kushuka huku injini inanguruma, hapo maneno ya kwamba alternata haichaji yana msingi, ingawa mkanda na nyaya zake hazina budi kutazamwa kwanza. Gurudumu linalosemekana limelegea huinuliwa kwa jeki, gari likiwa limewekewa kigingi imara, kisha hushikwa juu na chini na kutikiswa, halafu kushoto na kulia. Kitu kilichokufa hucheza mbele ya macho ya kila aliyepo. Hakuna siri katika hayo. Fundi anayesema "hilo huwezi kuelewa" huenda naye hajalielewa.

Bei ni jiwe la mwisho, wala halipaswi kuwekwa kabla ya mengine. Makadirio yanayofaa huandikwa kwenye karatasi yenye tarehe, namba ya gari na kilomita zilizosomwa. Hutenga gharama za vipuri na gharama za ufundi. Kila kipuri huandikwa peke yake, pamoja na idadi yake, aina yake, na kama ni kipya au ni cha mtumba. Mwishoni huandikwa kwamba lolote litakaloonekana baada ya injini kufunguliwa halitafanywa mpaka chama kimearifiwa na kukubali kwa maandishi. Makadirio ya mstari mmoja yasemayo "matengenezo ya injini" na jumla chini yake hayapimiki, hata kama yameandikwa na mtu mwaminifu.

Mfano wa pikapu inayochemsha

Maneno hayo yataeleweka vizuri zaidi kwa mfano. Tuseme chama cha msingi kina pikapu ya dizeli, nayo imeanza kuchemsha kila ipandapo njia za milimani. Fundi anaitazama, kisha anasema kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua, na anatoa makadirio ya shilingi 1,850,000. Katibu amekwisha kusikia mara nyingi kwamba fundi akikosa la kusema husema gasketi. Anarudi Nkende akiwa na hakika kwamba chama kinaibiwa, na kabla ya jua kutua kijiji kizima kimekwisha kusikia kwamba fundi yule ni tapeli.

Kesho yake Mwenyekiti anamtaka katibu arudi gerejini akiwa na mjumbe mmoja wa Bodi, wakaombe ushahidi. Injini ikiwa imepoa kabisa, fundi anafungua kifuniko cha rejeta na kuliwasha gari. (Kifuniko cha rejeta yenye moto hakifunguliwi kamwe; mvuke wake umekwisha kuwaunguza wengi.) Maji yanatoa mapovu mfululizo, wala hayakomi hata baada ya hewa ya kawaida iliyonaswa ndani kuisha. Kisha fundi anapima kompresheni, na silinda mbili zilizo jirani zinasoma chini kuliko nyingine. Katika kijiti cha kupimia oili pana rangi ya chai ya maziwa, alama ya maji kuingia katika oili. Dalili hizo tatu kwa pamoja zinasema jambo moja. Gasketi imeungua kweli, na fundi hakusema uongo.

Hapa yafaa kusimama kidogo. Chama kilikwisha mhukumu mtu bila kumsikiliza. Fundi naye anaishi kwa jina lake kama mkulima anavyoishi kwa shamba lake, na jina lililochafuliwa halisafishwi kwa petroli. Shaka isiyo na ushahidi ni dhuluma kama ilivyo bei isiyo na ushahidi.

Lakini kupima hakukomi hapo. Ugunduzi wa ugonjwa na makadirio ya bei ni mambo mawili, na ukweli wa la kwanza hauthibitishi la pili. Mjumbe wa Bodi anaomba makadirio yaandikwe upya kwa vipande, nayo yanatoka hivi: gasketi shilingi 180,000, kuchongesha uso wa silinda hedi kwa mashine 150,000, thamostati 45,000, oili, vichujio na maji ya kupozea 165,000, ufundi 350,000. Jumla ya hayo ni 890,000. Chini yake panafuata pampu ya maji 160,000, klachi kamili 480,000 na nozeli nne 320,000, ambazo ni shilingi 960,000 nyingine.

Kila kipande sasa chaulizwa swali lile lile: dalili yake iko wapi? Kuhusu pampu ya maji, fundi anaishika mhimili wake na kuutikisa, nao unacheza. Chini yake pana njia ya maji iliyokauka. Pampu inakubaliwa, maana kuiacha ni kuirudisha gasketi mpya katika moto ule ule. Kuhusu klachi, dereva anasema haijawahi kuteleza wala kukataa gia. Fundi anajibu kwamba aliiweka kwa kuwa gari ni la zamani. Kuhusu nozeli, hakuna aliyezipima. Vipande hivyo viwili vyenye jumla ya shilingi 800,000 vinaahirishwa, na makadirio yanashuka hadi 1,050,000. Hakukuwa na ugomvi, wala hakuna aliyeomba kupunguziwa hata senti. Kilichofanyika ni kuuliza.

Linabaki jambo moja. Katibu anapokwenda mwenyewe katika maduka mawili kuuliza bei ya gasketi ya aina ile ile, analipata duka linaloiuza kwa shilingi 140,000. Bei ya 180,000 ilitoka katika duka alilolichagua dereva, na zile 40,000 zilizozidi zilikuwa zirudi mfukoni mwake kwa jina la soda. Kisha, katika mazungumzo, inajulikana kwamba kwa muda wa mwezi mzima dereva huyo amekuwa akiongeza lita kadhaa za maji katika rejeta kila safari, bila kumwambia mtu wala kuandika popote. Gari lilikuwa limekwisha kusema. Laiti lingesikilizwa mapema, pampu ingebadilishwa peke yake, na gasketi isingeungua. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Katika mfano huu aliyekila chama zaidi hakuwa fundi aliyetukanwa kijijini, bali daftari ambalo halikuandikwa.

Wanachokula wengine

Mambo haya si ya Tarime peke yake, wala si ya nchi zenye mafundi wa chini ya mti peke yake. Mwaka 1941 waandishi wa jarida la Reader's Digest walizunguka Marekani wakiwa na gari zima, ambalo waya mmoja wa koili waliuchomoa makusudi kabla ya kuingia gerejini. Walizijaribu gereji 347. Zaidi ya gereji 6 katika kila 10 ziliwatoza fedha zisizostahili, zikiwatajia magonjwa ambayo gari halikuwa nayo au kuwabadilishia vitu vilivyokuwa vizima. Takwimu hiyo huwasikitisha wengi, lakini ina upande wa pili: zilizobaki ziliuona waya, zikaurudisha mahali pake, na ama hazikutoza kitu au zilitoza kidogo, ingawa hakuna aliyekuwa akizisimamia. Mafundi waaminifu wapo. Kazi ya mteja ni kuwatambua.

Mwaka 1992 katika jimbo la California, maofisa wa serikali wanaowalinda watumiaji walijifanya wateja katika gereji za kampuni kubwa ya maduka ya Sears, nao wakashauriwa mara nyingi kufanya matengenezo yasiyohitajika. Uchunguzi ulipoendelea ilionekana kwamba wafanyakazi wa gereji hizo walikuwa wakilipwa ziada kwa kadiri ya vipuri na huduma walizouza. Kampuni ikaufuta utaratibu huo wa malipo kwa waliokuwa wakiwashauri wateja. Hapo pana fundisho linalowahusu makatibu moja kwa moja: kabla ya kumpima mtu, upimwe kwanza utaratibu anaolipwa kwao. Fundi anayepata faida yake katika kuuza vipuri ataona vipuri vingi vibovu. Dereva anayepewa chochote na mwenye duka atalipenda duka hilo. Mtu mwema naye huweza kupotoshwa polepole na malipo mabaya.

Kwa sababu hiyo chama kinachoweza kumudu kifanye mambo mawili. Kwanza, kimlipe fundi ada ya ukaguzi iliyo mbali na ada ya matengenezo, ili asilazimike kutafuta mshahara wake ndani ya ugonjwa wa gari. Pili, kwa kazi kubwa, ukaguzi ufanywe na fundi ambaye hatatengeneza. Serikali yenyewe ina chombo cha ukaguzi kwa magari yake, yaani Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA) ulioanzishwa mwaka 2005, ambao hukagua magari ya umma kuhusiana na matengenezo yake. Fundi wa pili anapoitwa asielezwe alichosema wa kwanza. Aelezwe dalili tu. Maneno yao yakikutana, chama kimepata uhakika. Yakiachana, kimepata swali la kuuliza.

Kuhusu kompyuta na vipuri

Siku hizi gereji nyingi za mijini zina kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, na karatasi inayotoka humo huwatisha wateja kwa tarakimu zake. Yafaa ieleweke kwamba namba ile hutaja sehemu ambayo kompyuta imeona hitilafu. Haisemi kwa hakika ni kipuri gani kimekufa. Namba inayotaja kihisi cha moshi, kwa mfano, yaweza kuletwa na waya uliokatika au bomba la moshi linalovuja. Fundi anayesoma namba na kuagiza kihisi papo hapo amesoma ukurasa wa kwanza tu. Aulizwe alichopima baada ya kusoma.

Vipuri navyo vina hila zake. Katika maduka ya Tarime na ya mpakani Sirari, kama ilivyo pengine popote, kipuri cha asili, kipuri cha kuiga na kipuri cha mtumba huweza kukaa rafu moja vikiwa na maboksi yanayofanana. Chama kikinunua mtumba kwa kukusudia, kwa bei ya mtumba, hakuna kosa. Kosa ni kulipia kipya na kufungiwa cha zamani. Kwa hiyo kipuri kipya kifunguliwe boksi mbele ya mwakilishi wa chama, na cha zamani kirudishwe chama. Ili kisiletwe kipuri kibovu cha gari jingine, kile kinachotiliwa shaka kitiwe alama ya rangi au msumeno kabla ya kufunguliwa. Kule California sheria ya mwaka 1971 kuhusu matengenezo ya magari ilimpa mteja haki ya kupata makadirio kwa maandishi na kudai vipuri vilivyotolewa. Chama cha ushirika hakina haja ya kungoja sheria ili kuomba jambo la busara kama hilo.

Malipo nayo yafanywe kwa stakabadhi ya mashine ya kodi, yenye jina la chama na si jina la dereva. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha au kumdanganya mteja katika biashara, lakini mlalamikaji asiye na karatasi huenda mikono mitupu mbele ya sheria yoyote.

Kosa si uongo

Hapana budi kutofautisha fundi aliyekosea na fundi aliyedanganya. Gari ni chombo chenye mambo mengi, na hata fundi hodari mwenye cheti cha VETA aweza kubadilisha kitu kwa nia njema, kisha dalili ikarudi. Tofauti huonekana katika anayofanya baadaye. Aliyekosea hurudi kwenye dalili, hukiri, na huzungumza juu ya gharama. Aliyedanganya hutaja ugonjwa mpya kana kwamba ule wa kwanza haukuwahi kutajwa. Kadhalika fundi anayesema "sina hakika mpaka nifungue" asidharauliwe. Mara nyingi maneno hayo ni alama ya uaminifu, alimradi aandike gharama ya kufungua peke yake na kusema atakuwa anatafuta nini.

Wala bei ndogo isichukuliwe kuwa ushahidi wa uaminifu. Rahisi ni ghali. Anayefunga gasketi mpya bila kuupima uso wa silinda hedi kama umepinda amekipunguzia chama fedha leo, na kukiongezea safari ya pili gerejini kabla msimu haujaisha.

Daftari la gari

Yote yaliyotangulia yanategemea kitu kimoja kinachouzwa dukani kwa fedha kidogo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na gari ni mali inayopotea haraka kuliko nyingi. Kila gari, trekta au pikipiki ya chama iwe na daftari lake. Dereva aandike kila siku kilomita, mafuta, oili na maji yaliyoongezwa, pamoja na kila sauti au harufu ngeni. Katibu aandike kila tengenezo: tarehe, kilomita, dalili iliyolalamikiwa, ushahidi ulioonekana, kipuri kilichofungwa, duka, bei, na jina la fundi. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litasema lenyewe ni fundi yupi ambaye kazi yake hudumu, na ni duka lipi ambalo vipuri vyake hufa baada ya wiki. Mkaguzi wa hesabu anapofika, hatalazimika kumwamini katibu kwa uso wake.

Na hapo ndipo faida ya wanachama ilipo. Kamati Maalumu ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 iliona, miongoni mwa udhaifu mwingine, kwamba wanachama wengi hawakuwa na maarifa ya kutosha kuhusu mambo ya vyama vyao. Udhaifu huo haujifii wenyewe. Mwanachama anayesomewa katika mkutano mkuu kwamba "matengenezo ya gari" yaligharimu kiasi fulani, akapiga makofi, ameyapigia makofi makadirio ya mstari mmoja. Aombe vipande. Aulize dalili ilikuwa nini na ushahidi ulikuwa upi. Katibu mwaminifu atafurahi kuulizwa, kwa sababu jibu lake limo daftarini.

Fundi mwaminifu naye atafurahi. Yeye ndiye anayeumia zaidi pale wateja wasipopima, kwa kuwa kazi yake njema na kazi mbovu ya jirani yake huonekana sawa, na jirani ndiye anayepata faida. Chama kinachokuja gerejini na maswali manne na daftari moja hakiji kumshitaki fundi. Kinamletea mizani, ili uzito wa kazi yake uonekane.

Wakulima wa miaka ya 1950 walisimama kando ya mizani wakautazama mshale ulipotua. Gari la chama limenunuliwa kwa kahawa iliyopita katika mizani hiyo hiyo. Linastahili kupimwa vivyo hivyo.